Alama Moja na Nauli ya Mwenzetu



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kupiga hesabu za futari ya pamoja. Mfukoni tulikuwa na shilingi 900,000. Futari ya siku moja iligharimu shilingi 120,000. Sharti lilikuwa moja: zibaki angalau shilingi 200,000, nauli ya wenzetu kumi kurudi makwao kwa Idi, kila mmoja 20,000. Nilitangaza siku sita. Siku ya kufunga daftari zilibaki 180,000. Nauli za watu tisa.

Ya kumi niliitoa mfukoni mwangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu, tena la kidato cha pili. Naliandika hapa ili lisikupate.

Alama nne

Mlinganyo rahisi kwa kawaida hutupa jibu moja, kama x = 4. Kutolingana kwa kawaida hutupa kundi zima la majibu. Alama < ni "pungufu ya", > ni "zaidi ya", ≤ ni "pungufu ya au sawa na", na ≥ ni "zaidi ya au sawa na". Neno "angalau" ni ≥. "Isizidi" ni ≤. Wengi hukosea hapa kabla hata hawajaanza hesabu.

Kutafuta jibu na kulichora

Chukua x + 3 < 7. Toa 3 pande zote mbili, unapata x < 4. Kwenye mstari wa namba weka duara tupu juu ya 4, kwa kuwa 4 yenyewe haimo, kisha chora mshale kwenda kushoto:

←————————○
0    1    2    3    4    5

Kwa 3x − 2 ≥ 10, ongeza 2 pande zote, kisha gawa kwa 3: x ≥ 4. Safari hii duara hujazwa wino, kwa kuwa 4 imo, na mshale huenda kulia.

Mahali nilipoteleza

Hesabu yangu, kwa maelfu ya shilingi, s ikiwa idadi ya siku, ilikuwa hivi:

900 − 120s ≥ 200
−120s ≥ −700

Hapo niligawa kwa −120 na kuiacha alama kama ilivyo: s ≥ 5.83. Nikasema, basi siku sita zinatosha. Kumbe ukizidisha au kugawa pande zote kwa namba hasi, alama lazima igeuke. Jibu sahihi ni s ≤ 5.83, yaani siku tano.

Kwa nini igeuke? Tazama 2 < 5. Zidisha kwa −1: unapata −2 na −5. Kwenye mstari wa namba, −2 iko kulia kwa −5, hivyo −2 > −5. Sifuri ni kama kioo. Aliyekuwa kulia anaonekana kushoto.

Ipo pia njia ya kukwepa mtego huu. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake. Al-jabr ni kukirudisha kilichotolewa, kwa kukiongeza pande zote mbili. Hapa ongeza 120s pande zote:

900 ≥ 200 + 120s
700 ≥ 120s
5.83 ≥ s

Hakuna hasi, hakuna kugeuza. Na kwa kuwa hakuna nusu siku ya futari, mchoro wake si mshale; ni nukta sita zilizojazwa, kuanzia 0 hadi 5.

Jaribu kabla ya kutangaza

Chagua namba moja ndani ya jibu lako uirudishe mwanzoni. Siku 5: 900 − 600 = 300, sharti limetimia. Kisha chagua moja ya nje. Siku 6: 900 − 720 = 180, halikutimia. Ningefanya hivi, nusu dakika tu, nisingemtia mwenzangu wasiwasi siku mbili kabla ya Idi.

Zoezi: tafuta jibu na uchore (a) 2x − 1 ≤ 9, (b) 4 − 3x < 10.

Majibu: (a) x ≤ 5, duara lililojazwa, mshale kushoto, (b) x > −2, duara tupu, mshale kulia. Ukipata x < −2, rudi pale nilipoteleza mimi.