Kaswende Yarudi Marekani

Kaswende ni ugonjwa wa kale, na dawa yake yajulikana. Mwaka wa 1943 Dk. John Mahoney na wenzake huko New York walionyesha ya kuwa penisilini huua vijidudu vyake. Hata hivyo Marekani, nchi yenye hospitali nyingi, imeuona ugonjwa huu ukirudi. Mwaka wa 2012 walihesabiwa watoto 335 walioambukizwa tumboni mwa mama zao. Mwaka wa 2022 wakafika 3,761. Kati ya hao, 282 walizaliwa wafu au walikufa wangali wachanga.

Yafaa kueleza jinsi hesabu hizo zinavyopatikana. Daktari au maabara akigundua kaswende, sheria humlazimu kuiarifu ofisi ya afya ya mahali pale. Ofisi hiyo huiarifu serikali ya jimbo, nayo hupeleka hesabu, bila majina, katika kituo kikuu kilichoko Atlanta. Lakini kuhesabu ni nusu tu ya kazi. Mtumishi wa afya humwendea mgonjwa, akamwuliza kwa siri amelala na nani, kisha huwatafuta watu hao wapimwe, wala hawaambii ni nani aliyewataja.

Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu ya werevu wa ugonjwa wenyewe. Kwanza hutokea kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe baada ya majuma machache. Kisha huja vipele, mara nyingi hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Mtu hudhani amepona, kumbe vijidudu vimejificha, na baada ya miaka mingi huweza kuharibu moyo, ubongo na macho.

Hesabu ikipanda, pengine ni kwa kuwa watu wengi zaidi wamepimwa. Lakini maiti za watoto hazielezwi kwa uzuri wa daftari. Wakuu wa afya wa Marekani walisema ya kuwa karibu watoto 9 katika kila 10 wa mwaka wa 2022 wangaliweza kuepushwa, kama mama zao wangalipimwa na kutibiwa kwa wakati. Fedha za kliniki zilikuwa zimepungua, na mwaka wa 2020 watumishi wengi waliondolewa kupigana na Korona.

Tena kuna jeraha la zamani. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, tangu mwaka wa 1932 hadi 1972, madaktari wa serikali waliwatazama wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana, wala hawakuwaambia ukweli. Si ajabu kwamba wengi wa watu wao hawamwamini upesi mtumishi wa serikali anayekuja na maswali.

Shirika la Afya Duniani hushauri mama apimwe mara tu ajuapo kuwa ni mjamzito, na sasa tone moja la damu huweza kuonyesha Ukimwi na kaswende pamoja. Akionekana anayo, hudungwa sindano ya penisilini, nayo yapasa idungwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua; ikichelewa, mtoto naye hutibiwa. Mumewe pia hupimwa na kudungwa, kwani akiachwa ataweza kumrudishia mkewe ugonjwa ule ule.