Shingo ya Kuku na Hesabu ya Urithi

Shangazi yangu anafuga kuku wa kishingo huko Muheza. Jogoo wake na tetea wake wote wana shingo wazi, ila mbele, karibu na kifua, kimebaki kishada kidogo cha manyoya. Tetea mmoja aliatamia siku 21, wakatoka vifaranga 11. Watano walikuwa na kishada kama wazazi wao. Wawili walikuwa na shingo tupu kabisa. Wanne walikuwa na manyoya kamili hadi kichwani, kama kuku yeyote wa kienyeji. Shangazi akakata shauri kwamba jogoo wa jirani ameruka ua.

Jogoo wa jirani hahusiki, na vifaranga wenyewe ndio mashahidi.

Wengi wetu huuona urithi kama chai ya maziwa: cha baba na cha mama humiminwa kikombe kimoja, mtoto akatoka katikati. Lakini chai ikishachanganywa hairudi kuwa maziwa. Kama urithi ungekuwa hivyo, wazazi wenye kishada wangezaa wenye kishada tu, kizazi hadi kizazi. Hapa manyoya kamili yamerudi, na shingo tupu nayo imetokea. Basi kinachorithishwa hakiyeyuki. Kinafanana zaidi na shanga: unaweza kutia nyeupe na nyekundu mfuko mmoja, na kesho ukaitoa kila moja na rangi yake.

Shanga hizo ndizo jeni. Kila kuku ana jeni ya shingo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme M ni ile inayoacha manyoya yaote na U ni ile inayoiacha shingo uchi. Mwenye MM ana manyoya kamili. Mwenye UU ana shingo tupu. Mwenye moja ya kila aina, UM, ndiye mwenye kishada.

Sasa rudi uani kwa shangazi. Jogoo ni UM. Anapotengeneza mbegu, jozi huachana: nusu ya mbegu hubeba U, nusu hubeba M. Mayai ya tetea ni vivyo hivyo. U ikikutana na U, mara moja kati ya nne, shingo ni tupu. M kwa M, pia mara moja kati ya nne, manyoya ni kamili. Zilizobaki, nusu nzima, ni kishada. Kwa vifaranga 11 tungetarajia karibu watatu wa shingo tupu, watano au sita wa kishada, na watatu wa manyoya kamili. Shangazi alipata wawili, watano na wanne. Ni sawa na kurusha sarafu mara 10: si lazima upate vichwa vitano kamili, ila ukirusha mara 1,000 utakaribia sana nusu.

Hesabu hii aliigundua Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki. Tangu 1856 hadi 1863 alipanda njegere, akahesabu mimea inayokadiriwa kufika 28,000, akachapisha matokeo mwaka 1866. Hakusikilizwa. Alikufa mwaka 1884, na kazi yake ikaja kufufuliwa mwaka 1900. Miaka miwili baadaye William Bateson wa Uingereza akaonyesha kwamba kuku nao hufuata kanuni hiyo, akitazama maumbo ya undu. Kwangu mimi kishingo ni mwalimu mzuri kuliko njegere. Kwenye njegere, ua la zambarau huificha jeni ya ua jeupe. Kishingo hafichi kitu. Unamtazama shingoni unajua amebeba nini.

Lakini mbona vifaranga hao 11 hawafanani hata kwa rangi? Jeni hukaa kwenye kromosomu, na kuku ana jozi 39 za kromosomu. Kila yai huchukua moja kutoka kila jozi, kwa bahati. Zidisha mbili kwa mbili hadi zitimie mbili 39: unapata mipangilio zaidi ya bilioni 500, kutoka kwa tetea mmoja. Na kabla ya kuachana, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande.

Kuchanganya shanga, hata hivyo, hakuzai shanga mpya. U yenyewe ilitokana na kosa la kunakili: kipande cha kromosomu ya 1 kilijipachika kwenye kromosomu ya 3, karibu na jeni inayozuia manyoya kuota, nayo ikazidi kufanya kazi. Ngozi ya shingo hutengeneza kemikali itokanayo na vitamini A inayoifanya iwe nyepesi kuitikia kizuizi hicho, ndiyo maana shingo ndiyo inayobaki wazi zaidi. Kosa hilo halikukusudia lolote. Ila kuku hatoki jasho, na mahali penye joto ngozi iliyo wazi humpunguzia joto mwilini, akaendelea kula na kutaga wakati wenzake wanahema midomo wazi.

Shangazi sasa amemtenga mmoja wa wale wawili wenye shingo tupu, jogoo. Akikua atapelekwa kwa tetea wa jirani, ambao wote wana manyoya kamili. Yeye hana cha kutoa ila U, wao hawana cha kutoa ila M. Nimemwambia shangazi kabla yai halijatagwa: kila kifaranga atatoka na kishada.