Mpiga picha akija nyumbani: tafuta mwanga kwanza, sare baadaye

Wageni wakiziona picha za familia ukutani kwa mama, swali lao la kwanza huwa ni kitenge: mlinunua wapi, nani aliwashonea? Sare ilisaidia, sikatai. Ila kazi kubwa ilifanywa na mlango wa mbele na saa tuliyochagua. Siku hizi Idi ikitukusanya Ngamiani, Tanga, hatujipangi tena kwenda studio. Mpiga picha anakuja nyumbani, na utaratibu wetu ni huu.

Panga saa

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, jua la pwani linapiga utosini. Ukipigwa picha nje saa hizo, macho yanazama kwenye kivuli na pua inatupa kivuli kingine mdomoni. Mwite kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya swala ya Alasiri. Sisi tunapenda alasiri, kwa kuwa pilau limeshaliwa na wadogo wameshalala wakaamka. Kubalianeni afike mapema: huku kwetu jua likishazama, haichukui nusu saa giza limeingia.

Tumia mlango

Nyumba yetu ni ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Weka kiti hatua moja au mbili ndani ya mlango wa mbele, anayepigwa picha aangalie nje. Mpiga picha asimame barazani, pembeni kidogo asizibe mwanga. Mwanga unaopita chini ya paa la baraza ni laini, unaipendeza ngozi nyeusi bila kuitoa jivujivu kama flashi inavyofanya. Ukumbi nao unakuwa giza nyuma ya mtu, kwa hiyo ndoo, mabegi na nyaya za tivii hazionekani. Umemaliza usafi bila kushika ufagio.

Ukikaa fleti, tumia dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja. Vuta pazia zito pembeni, acha lile jepesi jeupe. Zima taa zote za ndani, maana mwanga wake ukichanganyika na wa dirishani, shavu moja linatoka la manjano na jingine la bluu. Epuka pia kumkalisha mtu karibu na ukuta uliopakwa kijani kikali. Rangi ile inarudi usoni.

Ukuta usipopendeza, tundika kitambaa. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na nyuma ya wateja wake aliwahi kutundika shuka la kitanda chake mwenyewe. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho. Khanga mbili zilizopigwa pasi zinatosha.

Wazee waanze, na wapewe kazi

Wazee huchoka haraka, na wengi wao walijifunza kupigwa picha studioni, kama ile Capital Art Studio iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1930. Enzi hizo filamu ilikuwa ghali. Kamera nyingi za picha za mraba zilitoa picha 12 kwa filamu moja, na aliyetikisika aliharibu hela. Ndiyo maana mama akiona kamera ananyoosha mgongo, anaweka mikono magotini na kukunja uso.

Kijana wa kamera alimsalimu, "Shikamoo bibi," akajaribu bahati yake: "Bibi, cheka kidogo."

"Nicheke nini, mjukuu wangu, na meno yenyewe yamekwisha?"

Nikamletea ukili wake. Alipoanza kusuka, mabega yakashuka. Vidole vikawa vinapitisha mwaa mwekundu juu ya mweupe bila yeye kuvitazama, huku akimuuliza kijana kwao ni wapi na mama yake hajambo. Picha iliyotoka hapo ndiyo kubwa kuliko zote ukutani. Kwa hiyo mpe mzee anachokijua: kuchambua mchele, kucheza bao, kusuka nywele za mjukuu. Mkono ukipata shughuli, uso hujisahau.

Kundi zima kabla ya watoto kuchafuka

Wazee wakimaliza, piga ya wote pamoja, halafu familia moja moja, mwisho watoto peke yao. Wenye miili mikubwa wasikae ukingoni, kwa kuwa lenzi pana huwatanua walio pembeni. Tandika mkeka watoto wakae mbele, wazee kwenye viti, vijana wasimame nyuma. Kuondoa macho yaliyofumba, wote wafumbe kwanza, kisha wafumbue kwa pamoja ikifika "tatu". Watoto wa jirani watakuja kuchungulia tu. Wapigie yao moja mapema, muwe na amani.

Andikeni makubaliano

Kabla ya siku yenyewe, tumianeni ujumbe unaotaja idadi ya picha zitakazohaririwa, siku ya kuzipokea na malipo ya awali. Jambo la kusisitiza ni mitandao. Nyumbani dada zetu hukaa bila ushungi, na si kila mtu anataka sura yake iwe tangazo la biashara ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sentensi moja ya "hakuna picha itakayowekwa mtandaoni bila ruhusa" inakuepusha na kesi. Mwambie pia asipunguze weusi wa ngozi wala kufuta mikunjo ya bibi.

Zisafishwe, ziandikwe

Usipokee picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, zinapunguzwa ubora. Atume kama dokumenti au akupe kwenye flashi. Picha ya inchi 12 kwa 18 inahitaji pikseli kama 3600 kwa 5400 ili itoke safi. Zikisharudi, ziweke kwenye albamu na kando ya kila moja andika majina, mwaka, na nani mtoto wa nani.

Na mpiga picha asiondoke kabla hujamtolea zile picha za zamani za ukutani. Zitoe kwenye fremu, zilaze mahali pa mwanga wa dirisha, azipige upya bila flashi. Wakati huo mama akae karibu, simu ikirekodi, awataje waliomo mmoja mmoja. Kwetu nusu ya sura zile anazijua yeye peke yake, kwa hiyo kazi hii haingoji Idi ijayo.