Somo la Jikoni: Dagaa wa Kukaanga Wenye Viungo



Kikundi kimoja cha akina mama kando ya Ziwa Victoria kilituletea ombi la mashine ya kufungia mifuko. Dagaa wao wa kukaanga walikuwa wakilainika siku ya pili, na wenye maduka wakawa wanawarudisha. Kabla ya kulipeleka ombi hilo mbele, tulikwenda kushinda nao jikoni. Mifuko haikuwa na kasoro. Dagaa walifungwa wakiwa bado moto, na mvuke ukabaki humo ndani. Nakiri kwamba ushauri wa kuwafunga upesi, ili inzi wasitue, niliutoa mimi mwenyewe kwenye semina.

Basi tulijifunza upya pamoja. Chukua nusu kilo ya dagaa wakavu, ikiwezekana walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini huja na mchanga, na punje moja tu ya mchanga humfukuza mteja. Toa vichwa ukipenda. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, ukiwaopoa kwa mikono. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga hutuama chini ya beseni. Usiwaloweke. Watandaze kwenye ungo juani mpaka wakauke.

Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili hadi vilainike kabisa, kwani vipande vikubwa huungua na kuleta uchungu. Changanya na maji ya ndimu moja. Chumvi onja kwanza. Wapake dagaa, waache robo saa, kisha nyunyizia vijiko viwili vya unga wa mahindi.

Mafuta yawe mengi na yapate moto vizuri. Tia dagaa mmoja: akielea na kutoa mapovu mara moja, tia wengine, konzi moja moja. Ukijaza karai mafuta hupoa, na dagaa huyanywa badala ya kukauka. Sikiliza karai, kelele zikipungua na rangi ikiwa ya kahawia, waopoe. Watandaze juu ya chujio, wafunike kwa kitambaa chepesi, wapoe kabisa ndipo ufunge.

Ombi la mashine kikundi kimeliondoa chenyewe. Sasa kinaomba mbao na nyavu za kutengenezea chanja kabla ya masika, na kamati ya usharika imelipitisha ombi hilo.