SOMO LA ROBO HII: TUSIPANDISHE KOMPYUTA KABLA YA KUANDAA NJIA YA KURUDI



Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na baadhi ya sharika zimetuuliza kama zihamie Windows 11. Jibu letu ni ndiyo, kama kompyuta inaiweza. Lakini kwanza andaeni njia ya kurudi.

Tunasema hivi kwa sababu yalitupata. Tulihamia bila maandalizi. Baada ya wiki mbili, tulipotaka kuandaa taarifa ya ada, programu ya hesabu ilikataa kufunguka, na muda wa kurudi ulikuwa umepita. Tuliingiza upya stakabadhi za miezi mitatu kwa mkono. Taarifa ilichelewa, fedha zikachelewa, na vijana wawili wa ufundi walirudishwa nyumbani.

Jambo la kuelewa

Windows ikipandishwa, toleo la zamani hubaki kwenye folda iitwayo Windows.old, kwa kawaida kwa siku 10. Ndani ya siku hizo mnaweza kurudi kwa kufungua Settings, kisha System, Recovery na Go back. Siku zikipita, au mkiifuta folda hiyo ili kupata nafasi, njia hiyo imefungwa. Fundi akifomati diski, vivyo hivyo.

Kabla ya kupandisha

1. Nakilini hesabu, orodha za walengwa na barua kwenye diski ya nje. Fungueni mafaili machache kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Kisha diski ichomolewe, atunze mhazini.
2. Andikeni kwenye daftari namba za leseni za programu zenu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andikeni na ufunguo wake wenye tarakimu 48.
3. Andaeni flashi ya GB 8 au zaidi yenye Windows 10, kwa dharura.
4. Hakikisheni umeme: laptop iwe imechomekwa, ya mezani iwe na UPS.

Baada ya kupandisha

Siku ileile jaribuni programu ya hesabu na printa. Msingoje mwisho wa mwezi. Mkihitaji muda zaidi, fundi anaweza kuongeza hadi siku 60, mradi afanye hivyo kabla zile 10 hazijaisha.

Mkilazimika kurudi, nakilini kwanza kazi mpya. Mafaili yenu kwa kawaida hubaki, lakini programu mlizoweka baada ya kupandisha huondoka. Kumbukeni pia kwamba kurudi ni kwa muda tu, mpaka tatizo litatuliwe.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Kompyuta yetu ikiharibika leo, nakala ya hesabu iko wapi?
2. Ni nani alijaribu kuifungua, na lini?

Kumbukumbu za mradi ni amana ya watu. Tuwe mawakili waaminifu.