Visima Viwili, Maji Mamoja: Kufundisha Hifadhi ya Maji ya Ardhini katika Darasa la Tano

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulimtembelea mwanachuo mmoja katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Bariadi. Aliandika ubaoni maana ya maji ya ardhini, kisha akauliza kama maji hayo yaweza kwisha. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Hapana!" Hapo msichana mmoja akanyosha mkono, akasema kuwa kisima chao kimekauka tangu pampu ilipofungwa bustanini kule bondeni. Wenzake wakageuka kumtazama mvulana ambaye baba yake ndiye mwenye pampu. Mwanachuo akafuta ubao, akaingia katika jambo jingine.

Hatumlaumu, maana alichelea ugomvi. Lakini neno la mtoto yule ndilo lililokuwa somo lenyewe. Katika makala haya twaeleza jinsi mwalimu awezavyo kulipokea bila kumhukumu mzazi wa mtu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mito mingi ya Mkoa wa Simiyu hupungua sana wakati wa kiangazi, na sehemu nyingine hubaki mchanga mtupu. Wakulima huchimba visima vifupi mabondeni na mchangani ili wamwagilie nyanya, vitunguu na mchicha. Maji hayo si ziwa lililofichika. Hukaa katika nafasi zilizo kati ya punje za mchanga, na chini zaidi hukaa katika nyufa za mwamba. Ndoo ya lita 10 iliyojaa mchanga mkavu hupokea maji lita 3 au 4 tu. Akiba hiyo hurudishwa na mvua. Na yakitekwa mengi kuliko yanayorudi, kina hushuka.

Zana

Beseni pana, mchanga mkubwa, makopo mawili yaliyotobolewa pembeni, kikombe na rula.

Hatua ya kwanza: Visima viwili

Wanafunzi wafukie makopo mawili wima katika beseni la mchanga, midomo ikibaki juu. Wamimine maji mchangani polepole, kama mvua, mpaka yaonekane ndani ya makopo yote. Wapime kina kwa rula. Kisha wateke kwa kikombe katika kopo moja tu, na baada ya dakika chache wapime lile la pili. Wataona kuwa nalo limeshuka ingawa hakuna aliyeligusa. Mwalimu asiseme neno kabla ya wanafunzi kueleza wenyewe sababu yake.

Makundi yabadilishane kazi, ili kila mtoto ateke na kila mtoto aone kisima chake kikipungua kwa sababu ya mwenziwe. Kwa njia hii hakuna atakayetazamwa kama mkosaji. Mwenye pampu hakufanya hila. Alichota maji ambayo hakujua kuwa ni ya wawili.

Hatua ya pili: Hesabu ya kitalu

Milimita moja ya maji juu ya meta mraba moja ni lita moja. Kitalu chenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10, kikihitaji milimita 5 kwa siku, hutumia lita 50 kila siku, na katika siku 90 lita 4,500. Tukichukulia mvua ya milimita 800 kwa mwaka, kitalu hicho hicho hupata lita 8,000. Wanafunzi watafurahi na kusema maji yatosha. Hapo mwalimu aulize: je, yote huzama? Mengi hutiririka, na mengine hurudi angani kama mvuke.

Hatua ya tatu: Shamba la shule

Yafaa kutayarisha vitalu viwili vilivyo sawa, kimoja kifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, kingine kiachwe wazi. Vyote vimwagiliwe asubuhi mapema au jioni, kila udongo unapokauka, na makopo ya maji yahesabiwe kwa wiki nne.

Kadhalika wajadili namna ya kuyazamisha maji ya mvua, kama vile makinga maji na ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa, ambayo nyasi zake hupunguza kasi ya maji. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, ulihimiza kufufua ngitili.

Tathmini

Kila wiki mwalimu mwenyewe ateremshe kamba yenye mafundo katika kisima cha jirani, watoto wakisimama mbali na ukingo, na kipimo kiandikwe katika chati ya darasani. Baada ya miezi mitatu wanafunzi waeleze chati yasema nini, na wapendekeze utaratibu wa zamu ya kuteka. Wakumbushwe kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na huruhusu watumiaji kuunda jumuiya yao.

Ndugu mwalimu, mtoto atakapotaja kisima kilichokauka kwao, usifute ubao. Mwambie alete kopo lake kwenye beseni, na mwenye pampu naye alete lake.