Usiitupe Dawa ya Mama kwa Sababu ya Jina

Mdogo wangu wa Kasanga, vuta kigoda tuongee. Mama amerudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na saratani ya mlango wa kizazi bado inamtesa kiunoni hadi mguuni. Maumivu yanachoma, yanapiga shoti. Shuka likimgusa unyayo tu anashtuka. Daktari akamwongezea kapsuli za gabapentini juu ya mofini ya maji. Shangazi akafungua boksi, akasoma karatasi, akakuta neno kifafa. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa na habari. Sasa mama anazificha dawa chini ya godoro, nawe unaniuliza kama daktari amekosea.

Hajakosea, mpenzi. Wameshtuka wengi kabla yako, tena wenye vyeti vyao. Ila shangazi naye, jamani! Mstari mmoja tu umetosha kumtia mama unyonge.

Saratani ikibana neva au kuzijeruhi, neva hizo hupeleka taarifa za maumivu ovyo, usiku na mchana, mithili ya mbwa anayebweka hata kama mwizi hayupo. Parasetamo haimnyamazishi, na mofini peke yake wakati mwingine haitoshi. Baadhi ya dawa za kifafa, kama hiyo gabapentini, hutuliza neva zilizochachamaa, ziwe za kichwani au za mguuni. Wala si jambo la jana: mwaka 1962 daktari Blom wa Sweden aliandika jinsi karbamazepini, dawa ya kifafa, ilivyotuliza maumivu makali ya neva za uso. Kwa hiyo mama hana kifafa. Na hata angekuwa nacho, kifafa si aibu, hakiambukizi, na wala si ushahidi kwamba mtu amerogwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tunapoharibu. Haraka haraka haina baraka. Gabapentini huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 300 usiku, kisha daktari huipandisha polepole, naye huangalia figo kwanza. Siku mbili zikipita bila nafuu, usiseme dawa ni bure. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Usimwongezee mwenyewe. Na usimwachishe ghafla eti leo ameamka vizuri, maana dawa hizi hupunguzwa hatua kwa hatua.

Atasinzia, atapata kizunguzungu. Usiku akienda chooni mshike mkono. Mgonjwa wa saratani akivunjika nyonga utalia machozi mengine. Pombe akae nayo mbali kabisa. Kwa kuwa anakunywa mofini pia, ukiona haamshiki au anapumua polepole mno, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali. Kama anatumia dawa ya kiungulia ya magnesi, apishanishe na gabapentini kwa saa mbili.

Kama siku moja atapewa karbamazepini, taja dawa zote anazotumia, hasa za kupunguza makali ya VVU, kwa sababu zinaweza kugongana. Vipele vikitokea, mrudishe hospitali mara moja. Na kapsuli zake zisiazimwe kwa jirani mwenye kifafa, hata akiomba kwa huruma. Kila mgonjwa na kipimo chake.

Tena usinielewe vibaya: dawa hii haiponyi saratani, wala haimfai kila mtu. Isiposaidia, zipo nyingine, kama amitriptilini, na daktari atajaribu. Lakini atajuaje kama mama anajibu "sijambo" kila akiulizwa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mfundishe aseme: yanachoma, yanawasha, yana ganzi, yananiamsha saa nane usiku. Maneno hayo ndiyo yanayomwonyesha daktari kwamba neva ndizo zinazouma. Na miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni dharura. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Mwahishe hospitali Sumbawanga siku hiyohiyo.

Basi leo jioni toa hizo kapsuli chini ya godoro. Usimpe kwanza, piga simu kliniki, waeleze amekosa dozi ngapi, wakwambie aanzie wapi. Kisha mwite shangazi, kwa heshima zote, umweleze nilivyokueleza. Mama ana haki ya kulala usiku, mdogo wangu. Usikubali neno moja kwenye karatasi limnyime haki hiyo.